Stempu za Babu na beseni la Bibi

Wasomaji wangu, mnisamehe kwa ukimya wa miezi hii. Nilipewa kazi na ukoo, na kazi ya ukoo mnaijua: haina mshahara, haina likizo, na kila mtu ni bosi wako. Nilitakiwa kuuza stempu za marehemu Babu.

Kikao kilifanyika Vuga, milimani Usambara, siku chache baada ya mazishi. Shamba lilishakuwa na wenyewe, baiskeli ikaenda kwa Baba Mdogo, redio ikabaki kwa Bibi. Mwishoni likaletwa sanduku la bati ambalo sisi wajukuu tulikuwa haturuhusiwi hata kulikalia. Ndani mlikuwa na albamu sita, makopo mawili ya biskuti yaliyojaa stempu zisizopangwa, na mafungu ya bahasha kuukuu yaliyofungwa kwa kamba ya katani. Baba Mkubwa akasema, "Mzee alikuwa akisema hii ndiyo benki yake. Mpeni huyu wa magazeti, yeye anajua mambo ya intaneti." Hakuna aliyepinga. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka nyuma yetu, akigeuza uso kufuata sauti ya anayeongea. Macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Hospitali ilishataja gharama, na msiba ulikuwa umekomba akiba za wote.

Babu aliajiriwa posta mwaka 1953, Tanga mjini, karani kijana aliyetoka shule ya misheni. Wakati huo hapakuwa na kitu kinachoitwa posta ya Tanganyika peke yake. Huduma za posta za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa mwaka 1933, na kuanzia 1935 nchi zote tatu zikatumia stempu moja yenye majina yote matatu. Barua iliyotumwa kutoka Bukoba na iliyotumwa kutoka Mombasa zilibandikwa stempu ileile. Ili ujue imetoka wapi ilikubidi usome muhuri. Lishikeni hilo neno, muhuri, maana ndilo lililoniumbua baadaye.

Nilianzia kwa jamaa mmoja katikati ya jiji anayeuza sarafu na noti za zamani. Alifunua albamu ya kwanza haraka haraka kama anayehesabu kadi za karata, akalowesha kidole gumba mdomoni kila akifunua, akafunga. "Zote elfu sabini." Nikamwambia ngoja nikafikirie. Nilipofika mlangoni ilishakuwa elfu tisini. Nilisoma kidogo na kufanya kazi ya habari kidogo, nikajua kwamba mtu anayepandisha bei kabla hujageuka anajua kitu usichokijua.

Basi nikaingia kwenye katalogi. Duniani ziko kadhaa. Wajerumani wana Michel, na kwa makoloni ya Uingereza wengi hutumia ya Stanley Gibbons, jamaa aliyeanza biashara ya stempu Plymouth mwaka 1856 na kutoa orodha yake ya kwanza ya bei mwaka 1865. Nilikaa wiki tatu usiku baada ya kutoka chumba cha habari, lenzi mkono mmoja, kompyuta mbele, nikiandika kila stempu na bei yake. Jumla ikafika paundi 3,100 na ushei. Hapo nikafanya kosa ambalo mwandishi wa habari hatakiwi kulifanya: nikatangaza kabla ya kupata chanzo cha pili. Niliiweka ile namba kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Kufika asubuhi, Baba Mdogo alikuwa ameshauliza bei ya vigae vya sebuleni.

Chanzo cha pili nilikipata Upanga. Ni mzee wa Kihindi, mhasibu mstaafu, mzaliwa wa Tanga, anayekusanya stempu tangu akiwa shule ya msingi. Nilimpigia shikamoo, akanikaribisha chai, akaiangalia ile orodha yangu kwa huruma. "Kijana," akasema, "hii ni bei ya duka. Duka linalipa pango, wafanyakazi na umeme, na linauza stempu safi isiyo na kasoro. Wewe huna duka." Akanionyesha pia kwamba mamia ya stempu nilizoziandikia bei ndogo ndogo hazina bei kabisa, ile bei ya chini kabisa kwenye katalogi ni malipo ya mtu kuitafuta kwenye droo na kuitia kwenye bahasha. Orodha yangu ya paundi 3,100 ilianza kuyeyuka kabla chai haijapoa.

Tukafungua albamu moja moja. Ya kwanza ilikuwa ya Wajerumani, na ndiyo niliyoitegemea. Posta yao ilianza Dar es Salaam na Bagamoyo Oktoba 1890, wakitumia stempu za kawaida za kwao. Mwaka 1893 wakaanza kuzigonga chapa ya thamani ya pesa, zile pesa 64 zilizokuwa zinafanya rupia moja. Mwaka 1901 zikaja zenye picha ya Hohenzollern, yoti ya Kaisari. Makoloni yote ya Ujerumani yalipewa meli hiyohiyo, wakibadilisha jina la koloni tu. Mwaka 1905 pesa ikafutwa, ikaja heller, 100 kwa rupia. Babu alikuwa na meli nyingi, safi, zimepangwa kama gwaride. Mzee akazigeuza kwa koleo dogo, akawa anasoma mihuri kwa sauti: Tanga, Daressalam, Tanga, Tanga, Muansa, Tanga. Akashusha pumzi.

Kumbe wanaotafuta stempu hizi wanatafuta muhuri. Meli ya senti chache iliyogongwa Tanga au Dar es Salaam imejaa tele, kwa kuwa barua nyingi zilipitia huko. Meli hiyohiyo ikiwa na muhuri unaosomeka wa Bismarckburg, yaani Kasanga kule Ziwa Tanganyika, au wa kituo kingine kidogo cha porini, ni habari nyingine. Huko Wazungu walikuwa wa kuhesabu, na barua zilibebwa na matarishi kwa miguu. Babu hakuwa na hata moja ya Bismarckburg.

Kurasa zilizofuata zilinifurahisha kuliko zilivyomfurahisha Mzee. Kama shuleni ulichoshwa na Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki, itazame kwenye stempu. Waingereza waliiteka Mafia Januari 1915, wakachukua stempu za meli walizozikuta huko na kuzigonga neno MAFIA. Jeshi lililotokea Nyasaland kusini likatumia stempu za Nyasaland zenye herufi N.F. mwaka 1916. Magharibi Wabelgiji waliingia na stempu za Kongo zilizogongwa maneno ya kwamba hapa ni ardhi ya Wajerumani iliyokaliwa na Ubelgiji, na Kigoma ilibaki mikononi mwao hadi 1921. Stempu za Afrika Mashariki ya Waingereza zikagongwa G.E.A. Nchi moja, posta nne, na kila moja inakwambia nani ameshika bunduki pale.

Babu alikuwa na MAFIA moja. Kwenye orodha yangu ndiyo iliyokuwa imebeba karibu robo ya ile jumla. Mzee aliitazama kwa lenzi kwa muda mfupi sana, akacheka kwa upole. Ya kughushi. Zimeghushiwa nyingi, akasema, kwa sababu chapa yenyewe ni rahisi na stempu ya chini yake ni ya bei ndogo.

Halafu tukafika ukurasa uliokuwa na stempu moja tu katikati, na chini yake Babu ameandika kwa wino wa bluu: "Ya nyumbani."

Mwaka 1916 posta ya Wajerumani ilikuwa imeishiwa stempu, kwani Waingereza walikuwa wameziba bahari. Wakaenda kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji cha misheni ya Vuga, wao wakiandika Wuga, kiwanda kilichozoea kuchapa vitabu vya dini. Wakachapisha stempu za thamani tatu: heller 2½, heller 7½ na rupia 1. Kabla hazijaanza kutumika, Machi 1916, meli iitwayo Marie ikapenya kizuizi na kuingia ghuba ya Sudi, kusini, ikiwa na silaha, dawa na mzigo wa stempu zilizochapwa Berlin. Zile za Vuga hazikuhitajika tena. Jeshi liliporudi nyuma zikafukiwa ardhini karibu na Morogoro, na mwaka 1921 zikafukuliwa, nyingi zikiwa zimeharibiwa na unyevu, zikapelekwa Ujerumani kuuzwa kwa wakusanyaji.

Kwa hiyo stempu iliyochapwa kijijini kwetu ilizikwa Morogoro, ikafufuka, ikavuka bahari, na haikubandikwa kwenye barua hata moja. Babu aliipata mwaka 1968 kwa kubadilishana na rafiki yake wa barua wa Hamburg. Alitoa twiga sita. Twiga ni zile stempu za Tanganyika za mwaka 1922, zenye kichwa cha twiga mahali ambapo makoloni mengine yalikuwa na kichwa cha mfalme. Mfalme alikuja kuwekwa mwaka 1927. Mimi binafsi naona twiga alikaa vizuri zaidi pale.

"Hii ni halali kabisa," Mzee akasema kuhusu ya Vuga. Moyo ukaruka. "Lakini ni ya 7½. Hizi ndizo zilizobaki nyingi. Ingekuwa ya rupia tungeongea mengine."

Albamu za baadaye tulizipita haraka. Stempu za pamoja za 1935, ambamo kuna jahazi la Ziwa Victoria lenye aina mbili, kamba ikigusa tanga na kamba isiyogusa. Watu wazima hulipa bei tofauti kwa ajili ya kamba hiyo. Seti nzima ya Uhuru 1961, yenye mwenge na Kilimanjaro, iliyochapwa kwa wingi mno kiasi kwamba kila mtu anayo. Halafu rundo la karatasi za rangi za miaka ya themanini na tisini: dinosaria, mastaa wa Marekani, magari, paka wa Ulaya. Nchi nyingi maskini zilitoa stempu za namna hiyo kupitia mawakala wa ng'ambo ili ziuzwe kwa wakusanyaji, na nyingi hazikuwahi kuona kaunta ya posta ya Tanzania. Ndizo tulizozipenda utotoni. Ndizo zisizo na bei kabisa.

Saa tatu zilishapita. Mzee akafunga albamu ya sita na kuuliza, "Hakuacha bahasha?"

Nilizileta kwa aibu, maana Baba Mkubwa alitaka kuziwashia moto. Zilikuwa 412. Mzee alifungua fungu la kwanza, akavuta taa karibu, akanyamaza kwa muda mrefu. Bahasha ya mwaka 1942 yenye stempu za Afrika Kusini zilizogongwa juu "KENYA TANGANYIKA UGANDA" na thamani mpya kwa senti, kwa kuwa vita ilivuruga usafirishaji wa stempu kutoka Uingereza; na ubavuni ina utepe wa mkaguzi wa barua wa wakati wa vita. Bahasha kutoka Pemba ya mwaka 1964, yenye stempu za Sultani zilizogongwa kwa mkono "JAMHURI 1964" baada ya Mapinduzi. Bahasha za miaka ya hamsini kutoka vituo vidogo vya reli na vya mashamba ya mkonge, vingine vilishafungwa kabisa. "Stempu ikitoka kwenye bahasha," Mzee akasema, "inabaki picha. Hapa una tarehe, njia, nauli, nani kaandika kwa nani. Hizi zimebaki tu 412? Karani wa posta wa miaka zaidi ya thelathini?"

Hapo ndipo nilipokumbuka beseni.

Kila Jumamosi wakati wa likizo, tangu darasa la kwanza mpaka la saba, kazi yangu kwa Babu ilikuwa hii: kuchukua beseni la bluu la Bibi la kufulia, kulijaza maji ya uvuguvugu, kukata pembe za bahasha kwa mkasi na kuzitumbukiza. Baada ya nusu saa gundi inaachia, stempu inaelea, unaiopoa taratibu na kuilaza juu ya gazeti. Kilichobaki kwenye beseni, yaani mihuri iliyokatwa nusu, majina, anwani za S.L.P., tarehe, nilimwaga kwenye migomba. Bahasha kubwa kubwa Bibi aliwashia jiko. Babu alikuwa akinisifu kwa mikono myepesi. Ndivyo wakusanyaji wa kizazi chake walivyofundishwa: stempu ndiyo mali, bahasha ni ganda. Zile 412 zilipona kwa sababu moja tu, macho yake yalianza kufifia kabla hatujazifikia.

Nilimweleza Mzee. Hakunilaumu. Aliuliza tu zilikuwa ngapi kwa Jumamosi, nami nikasema labda hamsini, akaomba tubadilishe mazungumzo.

Sasa kuuza. Naomba niwe mkweli, nilipofika hapo sikutaka kuuza zile bahasha. Niliwaambia wazee tuuze albamu na tuzipeleke bahasha Makumbusho ya Taifa au Nyaraka za Taifa, zibaki nchini, wanafunzi wa historia wazione. Hoja yangu ilikuwa nzuri na niliieleza vizuri. Shangazi alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Hao wa Makumbusho watampasua mama jicho?" Kikao kikafungwa. Hadi leo sina jibu la kumpa Shangazi, ingawa nimelitafuta. Nilichofanya ni kupiga picha kila bahasha, mbele na nyuma, usiku kwa usiku kwa wiki mbili, kabla hazijaondoka.

Wanunuzi wa vitu hivi wapo Uingereza na Ujerumani. Huko wapo watu waliounda hadi chama cha kuchunguza stempu na mihuri ya Afrika Mashariki, wana jarida lao, wanajua tarehe za kufunguliwa kwa vituo vya posta ambavyo wazee wetu wenyewe wameshavisahau. Mzee wa Upanga aliniunganisha na nyumba moja ya mnada ya Uingereza. Wakataka picha, wakakubali, wakagawa mzigo mafungu tisa, kamisheni asilimia 15. Nilikwenda kuutuma posta. Dada wa kaunta akauliza ndani kuna nini. Nikasema stempu. Akacheka, akapima, akachapisha stika yenye mistari ya kompyuta na kuibandika kwenye kifurushi. Hakuna stempu hata moja iliyotumika kuzisafirisha.

Mnada ulifanyika baada ya miezi minne. Albamu ya Wajerumani ilipata nusu ya nilichotarajia. Dinosaria hawakupata mnunuzi, na kwa kuwa gharama za kuwarudisha zingenila mimi, niliwaachia hukohuko. Bahasha ziligawiwa mafungu matatu, na hayo matatu yakaleta zaidi ya albamu zote sita kwa pamoja. Ile ya Pemba peke yake iligombewa na watu wawili mpaka ikapita makadirio mara tatu. Baada ya kamisheni na makato ya benki, iliingia kama milioni 2 na laki 4 za Kitanzania. Baba Mdogo alikaa kimya kwenye kundi siku mbili nzima, halafu akatuma kidole gumba.

Fedha zilitosha macho yote mawili, nauli, na dawa za matone. Zilibaki laki moja na nusu. Baba Mkubwa akanunua mabati matatu ya jikoni.

Ile ya Vuga sikuipeleka. Niliwaambia ukweli kwamba bei yake haifiki hata mfuko wa saruji kadhaa, wakaniachia. Bibi alipofunguliwa bandeji ya jicho la pili nilikuwepo. Alinitazama usoni, akasema, "Mume wangu, umekonda." Kisha nikampa ile stempu kwenye kifuko chake cha plastiki, nikamweleza kwamba ilichapwa hapahapa kijijini, kabla yeye hajazaliwa. Aliishika karibu, akaisogeza mbali, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena.

"Ndiyo hii?" akauliza. "Kwa hiyo beseni langu mlikuwa mnalichukua kwa ajili ya hivi?"